Besi ya Kushika Nafasi: Uhakiki wa Desturi Mpya katika Utunzi wa Nyimbo

0. Utangulizi

Kila msemaji wa Kiswahili anayo akibani neno moja lisilo na maana yake lenyewe, nalo ni nanihii. Mtu akisahau jina la kitu, hulichukua neno hilo ili sentensi isisimame njiani: "Nanihii yangu imepotea." Punde jina lenyewe humrudia, naye husema: "Kitabu changu kimepotea." Tukiwauliza wanafunzi wa mwaka wa kwanza ni neno gani lililobadilika, wengi hujibu kwamba ni moja tu, yaani nanihii limempisha kitabu. Tukiwaomba wahesabu, hugundua kwamba maneno yote matatu yamebadilika. Nanihii lilikuwa tupu kwa maana, lakini katika sarufi lilikuwa limekwisha kuwaamuru jirani zake wavae viambishi vya ngeli yake.

Makala haya yanahusu nanihii ya aina nyingine. Vijana wengi wanaotunga nyimbo siku hizi, hapa kwetu na kwingineko, hutumia programu za muziki zilizomo katika simu na kompyuta ili wapate mstari wa besi wa muda. Mtunzi huchagua akordi zake, programu humpigia besi, naye hutunga mahadhi na maneno juu yake, akijiambia kwamba siku ya kurekodi atamwita mpigaji wa kweli, na besi ya mashine itafutwa. Tunakusudia kuonyesha kwamba besi hiyo, kama nanihii, ina upatanisho wake, na kwamba kuiondoa bila kuvigusa viambishi ilivyoviacha ni kutoa wimbo wenye kosa la sarufi. Tutaieleza desturi yenyewe, kisha tutatazama mambo ambayo mashine humwamulia mtunzi, tutaleta mfano mmoja tulioushuhudia, na mwishowe tutapima pingamizi zinazoweza kutolewa.

1. Desturi yenyewe na asili yake

Kushika nafasi katika utunzi ni jambo la zamani kuliko mashine. Wafaransa wana msemo wa "kuimba kwa mtindi", maana yake kuimba silabi zisizo na maana huku mtunzi akiyangojea maneno. Paul McCartney amesimulia kwamba mahadhi ya Yesterday, wimbo wa kundi la Beatles uliotolewa mwaka 1965, yalimjia kabla ya maneno, naye kwa muda akayaimbia maneno ya mzaha juu ya mayai ya kuvuruga. Kwa Kiingereza, jina la chakula hicho lina silabi tatu. Jina la wimbo, lilipopatikana, lilikuwa nalo na silabi tatu. Mayai yaliondoka mezani, lakini sahani yake ilibaki, na neno jipya lililazimika kutoshea humo.

Kushika nafasi kwa besi kulihitaji chombo. Mwaka 1990 kampuni ya PG Music ya Canada ilitoa programu iitwayo Band-in-a-Box. Mtumiaji aliandika majina ya akordi, akachagua mtindo, na kompyuta ikampigia besi, ngoma na piano. Mwaka 2004 kampuni ya Apple ilitoa GarageBand kwa kompyuta zake, na mwaka 2011 ikaitoa kwa iPad. Katika toleo hilo la pili mna gitaa la besi lisilomdai mtumiaji ujuzi wowote wa vidole. Akordi zimepangwa kwa safu juu ya kioo, na kando yake kipo kitufe cha kuzungusha chenye hatua nne za kupiga chenyewe. Mtu hugusa akordi, na besi huanza kutembea. Mwezi wa Mei 2024 kampuni hiyohiyo iliongeza katika programu yake ya Logic Pro mpigaji wa besi wa mashine, ambaye hufuata orodha ya akordi za mtunzi, na ambaye mtunzi humwelekeza apige kwa wingi au kwa uchache, kwa nguvu au kwa upole.

Sababu za kuvipenda vyombo hivi hazijifichi. Anayetunga peke yake kwa gitaa dogo au kwa kinanda cha kanisani husikia akordi zake zikielea hewani. Besi ikiingia chini yake, akordi hupata sakafu, na mtunzi hupata moyo wa kuendelea. Hatuwadharau hata kidogo wanaofanya hivyo. Neno nanihii nalo si ugonjwa. Bila lenyewe mazungumzo mengi yangekatika.

2. Mashine humwamulia mtunzi nini?

Yafaa sasa tuulize mambo gani yamekwisha kuamuliwa kabla mtunzi hajafungua kinywa. Katika GarageBand ya iPad, wimbo mpya hufunguka ukiwa na mwendo wa mapigo 110 kwa dakika, mapigo manne katika kila kipimo, ngazi ya Do, na sehemu ya kwanza yenye vipimo vinane. Yote hayo yaweza kubadilishwa, na mwenye kujua huyabadilisha. Lakini aliyejiwa na wazo usiku, akiogopa lisimtoroke, huanza kwa namna mlango ulivyofunguka, na akisha kutunga beti mbili ndani ya vipimo vinane, vipimo vinane huwa ndiyo nyumba yake.

Jambo la pili ni lile linaloihusu besi yenyewe. Mashine huzisoma akordi na mtindo, na kutokana na hivyo hutengeneza mstari. Kwa kawaida huiweka sauti ya shina ya akordi juu ya pigo la kwanza la kipimo, mahali akordi inapobadilika. Si kosa, kwani hata wapigaji wengi wazuri hufanya hivyo mara nyingi. Tofauti iko katika habari ambazo kila mmoja anazo. Mpigaji aliyekaa kando ya mwimbaji husikia pia maneno. Husikia kwamba hapa neno ni zito na hapa ni jepesi, kwamba hapa mwimbaji atavuta pumzi, na kwamba pale panafaa kunyamaza. Besi ya mashine haijapewa maneno, kwa sababu wakati inapotengenezwa maneno hayapo bado. Ndiyo maana huitwa ya muda.

Jambo la tatu ni ujazo. Besi ya kujiendesha yenyewe hurudi kwa utaratibu uleule kila kipimo, na mtunzi anayeimba silabi tupu juu yake huvutwa na pigo zito kama maji yanavyovutwa na mtaro. Silabi anayoikaza huangukia pale besi inapokaza. Baada ya kurudia mara ishirini, mahadhi yamekwisha kupata vilima na mabonde, naye mtunzi huamini kwamba vilima hivyo vimetoka moyoni mwake.

Kwa lugha yetu jambo hili lina uzito wa pekee. Shadda ya Kiswahili, kama tujuavyo, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, isipokuwa katika maneno machache. Mahadhi yanayotungwa kabla ya maneno huweka shadda zake mapema, na maneno yanapokuja hulazimika kuzivaa, zitoshe zisitoshe.

3. Mfano: neno barabara

Mwaka 2023 kijana mmoja wa mtaa wetu hapa Lubumbashi, mwanafunzi wa mwaka wa pili, alituletea wimbo alioutunga kwa ajili ya marehemu mama yake. Mama huyo alikuwa mfanyabiashara wa samaki, na kwa miaka mingi alikwenda na kurudi katika njia ya Kasenga. Kijana alikuwa na mahadhi kamili, akordi nne, na besi iliyopigwa na programu ya aina tuliyoieleza. Maneno hakuwa nayo, ila kiini chake tu: mama ameshika njia, hajarudi. Alituomba tumsaidie kuyapanga kwa Kiswahili sanifu.

Hapo tulitenda kosa ambalo ndilo lililotusukuma kuandika makala haya. Mahadhi ya kiitikio yalikuwa na nafasi ya silabi nne mwishoni, na njia ina silabi mbili. Sisi wenyewe tulipendekeza barabara, na kiitikio kikawa: "Mama ameshika barabara." Silabi zilitoshea sawasawa. Tulifurahi na kujipongeza.

Katika jaribio la kwanza, mwenzetu mmoja aliyekulia Uvira alicheka, kisha akajizuia kwa aibu. Mahadhi yalikuwa yameweka mkazo juu ya silabi ya pili ya nafasi ile, pale besi ilipokuwa ikipiga shina la akordi. Basi badala ya barabára, ambayo ni njia kubwa, sikio lake lilisikia barábara, yaani sawasawa, kwa ukamilifu. Kiitikio cha msiba kilikuwa kinatangaza kwamba mama ameshika kitu vizuri sana. Kijana hakucheka. Aliuliza tu kama kila mtu ataweza kusikia hivyo.

Tulidhani dawa ni mpigaji wa kweli. Akaitwa mzee mmoja aliyepiga besi katika makundi ya mji huu tangu miaka ya 1970. Kijana aliifuta besi ya mashine, akaacha sauti yake na akordi peke yake, akampa mzee asikilize. Mzee alisikiliza mara mbili, akajaribu, akaacha, akajaribu tena. Kila alipopotoka njia ya mashine, wimbo ulichechemea; kila alipoifuata, alikuwa anaiiga. Mwishoni aliweka gitaa magotini.

"Mwanangu," alisema, "unaniambia nikae, lakini kiti kina mtu."

"Papa, yule hakuwa mtu, ni mashine. Nimekwisha kuifuta."

"Umeifuta kwenye simu. Kwenye mdomo wako bado iko."

Kwa maoni yetu hakuna mwanaisimu aliyeieleza hali hii vizuri zaidi. Nanihii ilikuwa imeondoka, na viambishi vyake vilibaki mdomoni mwa mwimbaji.

Mzee alimwomba kijana asiimbe. Alimwambia ayaseme maneno tu, kama anavyowaambia watu waliokuja matangani. Kijana alisema, sauti ikikatika kidogo, na mzee akaanza kumfuata taratibu. Pigo la kwanza aliliacha tupu. Chini ya silabi ya tatu ya barabara aliweka sauti moja nzito, akaiacha ilie. Shadda ikarudi mahali pake, na barabara ikawa tena ile iendayo Kasenga. Mwendo ulipungua sana. Mahadhi ya zamani yaliharibika karibu yote, na mapya yakaanza kutokea kutokana na usemi.

Hatutadai kwamba toleo la pili lilishinda la kwanza kwa kila jambo. Watoto wa mtaa walikuwa wamekwisha kuyapenda mahadhi ya kwanza na kuyaimba wakiteka maji, nayo ya pili hawakuyashika. Kijana mwenyewe alihuzunika kuyapoteza, kwa maana aliyatunga katika wiki za kwanza za msiba, na kwake yalikuwa kumbukumbu ya siku zile. Toleo la pili ndilo lililoimbwa katika ukumbusho wa mwaka. La kwanza bado amelihifadhi.

4. Kidole gumba

Mwalimu mmoja aliyesikia kisa hiki alituambia kwamba hilo ni tatizo la watu wasio na besi, na kwamba zamani lisingetokea. Maneno yake yalitukumbusha kwamba Katanga ilikuwa na nyimbo nyingi nzuri zisizo na mpigaji wa besi kabisa. Mwenda wa Bayeke, aliyezaliwa Bunkeya mwaka 1930 na kufariki mwaka 1990, alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Katika rekodi hizo, ambazo Masanga ndiyo inayojulikana zaidi, tunasikia gitaa moja na mtu mmoja. Kidole gumba hupiga nyuzi nene, kidole cha shahada hupiga nyuzi nyembamba. Besi imo, lakini inakaa katika mkono uleule unaoshika mahadhi, na mkono huo ni wa mwenye kuimba.

Kwa mtunzi wa namna hiyo, besi haiwezi kuja kabla ya mahadhi na kuyangojea, wala kuja baadaye na kukuta kiti kimekaliwa. Akitaka kuikawiza silabi, kidole gumba kinajua, maana mwenye kidole na mwenye silabi ni mmoja. Hatusemi kwamba kila kijana arudi kwenye gitaa la vidole viwili. Tunasema kwamba mfano huu unaonyesha kilichokosekana katika utunzi wa mashine: kusikilizana kati ya sauti nene na neno tangu mwanzo wa kazi.

5. Pingamizi mbili

Pingamizi ya kwanza ni ya kiuchumi, nayo ni nzito. Kumkodi mpigaji wa besi, chumba cha mazoezi na kikuza sauti kunahitaji fedha ambazo mwanafunzi hana, na umeme unaweza kukatika katikati ya kazi. Simu iliyojaa chaji hufanya kazi gizani na haidai nauli. Bila programu ile kijana wetu pengine asingekuwa na wimbo wowote wa kumwomboleza mama yake. Tunakubali kabisa. Mtu asiye na kiti hukaa juu ya jiwe, na hakuna wa kumlaumu. Lakini wapigaji nao wana hoja yao. Wakiitwa siku ya mwisho tu, kazi yao hugeuka kuwa kuiga mstari ambao hawakuutunga, na mwenye kuiga mashine hukaribia kuambiwa kwamba mashine inatosha.

Pingamizi ya pili inatugusa sisi wanaisimu zaidi. Mtu wa Lubumbashi husema bila wasiwasi: "Kitabu yangu imepotea." Upatanisho wa nanihii umebaki, jina limebadilika, na kila mtu ameelewa. Kama lugha ya mji mzima inaweza kuishi hivyo, kwa nini wimbo usiweze? Masikio yatazoea, na baada ya kizazi kimoja hakuna atakayecheka akisikia barábara.

Hoja hiyo hatuwezi kuipuuza, kwa sababu sisi wenyewe tumetetea mara nyingi darasani kwamba Kiswahili cha Lubumbashi kina kanuni zake na si Kiswahili kilichovunjika. Jibu letu ni kwamba kanuni hizo zilizaliwa vinywani mwa watu waliokaa pamoja, migodini, sokoni na nyumbani, wakisikilizana na kusahihishana kwa miaka mingi. Waliridhiana. Mkazo wa besi ya programu ulipangwa na watu ambao hawakumsikia yeyote kati yetu akisema, na huingia wimboni bila kuridhiana na mtu, kwa kuwa ulidhaniwa kuwa wa muda tu. Mabadiliko yakiletwa na waimbaji wenyewe kwa kuchagua, tutayaandika na kuyachunguza kwa furaha. Yakiletwa na kitu ambacho hakuna aliyekumbuka kwamba kilikuwepo, wajibu wa mhakiki ni kukitaja jina.

6. Hitimisho

Hatuwashauri watunzi waziache programu hizi. Tunapendekeza mambo matatu ambayo tumeyajaribu na wanafunzi wetu. Kwanza, kabla ya kuigusa mashine, mtunzi ayaseme kwa sauti maneno machache atakayoyaimba, hata yakiwa mstari mmoja tu wa kiitikio, na aziwekee alama shadda zake. Pili, kama anahitaji besi ya muda, aifanye maskini iwezekanavyo: sauti moja ndefu kwa kila akordi, bila mapambo na bila mwendo wa kujiendesha. Kadiri kishika-nafasi kinavyokuwa na mengi ya kusema, ndivyo viambishi vyake vinavyokuwa vigumu kuvuliwa. Tatu, siku ya kuifuta besi, aimbe wimbo wote mara moja bila chombo chochote, akijisikiliza. Pale atakapojikuta anakaza silabi ambayo lugha yake haiikazi, ajue kwamba besi bado iko hapo, na atengeneze mahadhi kabla ya kumwita mpigaji.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya kazi ya mwisho wa mzunguko, hapa pana shamba ambalo halijalimwa sana: kulinganisha shadda za maneno yanaposemwa na yanapoimbwa katika nyimbo za Kiswahili za mji wetu, zile zilizotungwa kwa gitaa mkononi na zile zilizotungwa juu ya mashine. Kazi hiyo yahitaji masikio, karatasi na subira tu.

Nasi tumejifunza letu. Siku ile tulipopendekeza barabara, tulihesabu silabi na kusahau kuuliza ni nani aliyezipima. Mwenye kusema nanihii hana budi, jina likimrudia, kurudi nyuma na kusahihisha sentensi nzima.